Mwani Kwenye Tangi la Baba

Kiharusi kilimwachia kinyozi mstaafu mkono mmoja wa kufanyia kazi, na maneno yake yakawa miguno mitupu. Binti yake, mshona nguo, akamweka sebuleni karibu na tangi dogo la samaki wa baharini alilolipenda kuliko redio. Cherehani akaisogeza pembeni ili amwone baba yake kila akiinua macho.

Haukupita muda, kioo kikaanza kuota kijani. Akakisugua. Kesho yake kijani kikarudi, na nyuzi ndefu zikaning'inia maweni kama ndevu. Akapunguza saa za kuwasha taa ya tangi, akaosha chujio, akawa anamwaga ndoo ya maji machafu na kutia mengine aliyoyachanganya na chumvi ya dukani, akipima ukali wake kwa makini. Mgongo ulimuuma. Mwani haukumjali hata kidogo.

Akaenda kwa muuza samaki wa mapambo na chupa ya maji ya tangi. Yule bwana akayadondoshea dawa ya kupimia uchafu, maji yakageuka mekundu.

"Dada, haya maji yamechafuka vibaya. Unawalisha mara ngapi?"

"Mara moja tu, asubuhi. Tena kidogo."

"Basi kuna mwingine anawalisha. Chakula kinachobaki kinaoza chini, mwani unanenepa."

Nyumbani walikuwa wawili tu.

Siku hiyo akajifanya anashona. Baba akanyoosha mkono wake mzima, akachukua kikopo cha chakula, akanyunyiza. Akatabasamu samaki walipokimbilia juu. Baada ya kitambo akanyunyiza tena, kama vile hajafanya.

"Baba, umeshawapa."

Akamwangalia bintiye bila kuelewa, akanyunyiza tena.

Binti akakificha kikopo kabatini. Mzee akawa anapapasa rafu, anapapasa kiti, anapapasa hata mifuko yake. Chakula chake mwenyewe akakigomea, akafunga mdomo kama mtoto, machozi yakimtiririka upande mmoja wa uso.

Binti akampigia simu kaka yake.

"Usimrudishie. Mwishowe atasahau," kaka akasema.

"Wewe humwoni, kaka. Mimi niko naye hapa."

Akamrudishia. Akajaribu kuweka chakula kidogo tu ndani. Mzee alipokimaliza akagonga kikopo kwenye kioo mpaka kikajazwa. Ndipo binti akaanza kubadilisha maji kila siku, anatoa uchafu chini kwa mpira, anapima, anatia. Wateja wakanung'unikia nguo zao zilizochelewa. Samaki mmoja akalala ubavu, akafa. Wa pili akafuata.

Aliyebaki alikuwa anahemea juu ya maji. Binti akamweka kwenye mfuko wenye maji, akachuchumaa mbele ya kiti.

"Baba, huyu nampeleka dukani. Hapa atakufa. Umenisikia, baba?"

Mzee akaitikia kwa kichwa. Siku hizi aliitikia kila kitu.

Muuza samaki akamwingiza kwenye tangi kubwa. "Siwezi kukuahidi kitu, dada. Amechoka sana."

Aliporudi, alimkuta baba yake amesogeza uso karibu na kioo, akitafuta katikati ya nyuzi za kijani. Mzee akamgeukia, akaguna kwa sauti ya kuuliza.

Binti akavuta kiti, akakaa kando yake. Hakujua aanzie wapi, wala kama kulikuwa na faida ya kuanza.