Nyaya Mbili za Shaba

Asubuhi nzima Enid alikuwa akiifundisha kazi injini mpya ya ndege ya kivita. Aliiwasha, akaiacha ingurume polepole, akaongeza moto kidogo, akapunguza, akashuka kuigusa kwa kiganja asikie joto lake. Injini changa ukiikimbiza hujila yenyewe. Mafundi wenzake pale uwanja wa ndege wa Kent walimtania kwamba huongea zaidi na vyuma kuliko na watu. Hawakukosea.

Mwisho alifunga waya mwembamba wa shaba mbele ya wenzo wa moto, ule mkono wa kuongezea nguvu katika chumba cha rubani. Rubani akitaka nguvu zote, zile za kuokoa roho, huusukuma wenzo mpaka waya ukatike. Fundi akiukuta umekatika, anajua injini imeteswa. Enid alimwona Corbett, rubani wake, akija huku akipiga mluzi, akakumbuka alivyoiua injini iliyopita. Akaongeza waya wa pili, akausokota na wa kwanza.

"Leo unaizungusha taratibu tu," Sajini Pask, mkuu wa mafundi, alimwonya Corbett.

"Kama nampeleka bibi kanisani. Enid, usininunie bwana! Mtoto wako nitamrudisha."

Ndege ilikuwa imeshapotelea mawinguni king'ora kilipolia. Adui walikuwa wakivuka bahari, na Corbett alikuwa huko huko, peke yake.

Enid alizikumbuka nyaya zake. Waya mmoja hukatwa na mkono wa mtu. Mbili zilizosokotwa je?

"Sajini," alisema. "Nimefunga mbili."

"Mbili nini?"

"Nyaya. Niliihurumia injini."

Pask alishusha kikombe chake. "Msichana wewe! Injini tutaletewa nyingine. Yule tutaletewa na nani?"

Walisimama kwenye nyasi, shingo juu, mpaka chai ikafanya utando.

Kwanza walisikia filimbi: upepo ukilia kwenye midomo ya bunduki za mbawani, vitambaa vya kuiziba vimeshatoboka.

"Amepiga risasi," Pask alisema. Kisha magurudumu yakagusa ardhi.

Corbett alishuka ametota jasho, kiganja kimechunika. "Nani kanifungia minyororo?"

Enid aliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Adui mmoja alinikalia mgongoni. Nasukuma, wapi! Nikaachia usukani, nikasukuma kwa mikono yote miwili mpaka nyaya zikakatika. Ndege ikayumba kama mlevi, halafu ikachomoka. Nikageuka nikampiga, akakimbilia kwao."

Enid akaiendea injini. Alifungua chujio la oili, akalikung'uta juu ya kitambaa cheupe, akapekua kwa kidole. Hakuna hata chembe ya chuma ya kuonyesha kwamba injini imejila.

"Safi?" Pask aliuliza.

"Safi." Ndipo machozi yakamtoka, na kicheko pamoja.

Alipanda tena kufunga waya. Corbett alichungulia, mkono umefungwa bendeji. "Mmoja?"

"Mmoja tu."

"Na nikiiua injini?"

"Iue," Enid alisema. "Wewe rudi."