Sauti ya Bi Asia

Alhamisi asubuhi Mzee Hemedi, katibu wa kamati ya madrasa, alibandika tangazo mlangoni pa madrasa ya Mtawanya. Kuanzia mwezi ujao, mkuu wa madrasa sharti awe na cheti. Bi Asia, aliyefundisha pale miaka ishirini na sita, hakuwa nacho.

"Utabaki kusimamia usafi," Hemedi alimwambia. "Mwongozo ndio huo, Bi Asia. Umetoka juu."

"Huko juu wananijua?"

Hemedi alikuwa akitafuta miwani yake.

Akaletwa Ustadhi Shafii, kijana mpole mwenye cheti chenye mhuri. Siku ya kwanza alifungua kinywa kusoma Alhamdu, ikatoka sauti ya Bi Asia, pamoja na ule mkwaruzo wake mwishoni mwa aya. Watoto wakaitikia kama kawaida. Bi Asia, aliyekuwa akifagia barazani, alitaka kuwakanya wawili waliokuwa wakisukumana. Hakikutoka kitu.

Baada ya Alasiri Shafii alimfuata. "Mama, wallahi sikuichukua kwa kusudi," alisema, na Bi Asia akaisikiliza sauti yake mwenyewe ikimwomba radhi.

Aliandikia kamati karatasi: *Nitarudishiwa lini?* Hemedi aliisoma mara mbili. "Mwongozo hauna kifungu cha sauti," alisema.

Wakaja wakaguzi. Watoto walisoma vizuri mno. "Hawa wamefundishwa na Bi Asia," Shafii aliwaambia. Wakaguzi wakapenda unyenyekevu wake, wakaandika kwamba uongozi mpya umeinua kiwango cha usomaji.

Msimu wa korosho ulipoanza, mama yake Bi Asia, asiyeona tangu mwaka juzi, alizidiwa nyumbani kwake Rahaleo. Aliomba jambo moja: bintiye amsomee Yasini. Shafii alikuwa Dodoma kwenye semina ya uongozi. Jirani, Mwajuma, akampigia simu, akaiweka kwenye mto. Shafii alitoka ukumbini, akasoma.

Bi Asia alikuwa ameketi kitandani, ameshika mkono wa mama yake.

"Asia," mama aliita, "mbona uko mbali hivyo?"

Bi Asia akaubana ule mkono kwa nguvu zake zote.

"Na huyu anayenishika ni nani?"

Mwajuma alitazama chini. Mama akauchomoa mkono wake taratibu, akapapasa mto mpaka akaipata simu, akaikumbatia kifuani. Alikata roho aya chache kabla ya sura kuisha. Shafii, ambaye hakujua, aliendelea kusoma.