Gololi ya Tida

Brikama ina wataalamu wa uchaguzi wengi kuliko nzi wa sokoni, na mkuu wao alikuwa Karamo Darboe, mwenyekiti wa tawi wa chama cha kahawia. Kwa hiyo Mwalimu Bintanding wa kitengo cha elimu maalumu alipokwenda kumwomba kengele ya baiskeli yake kwa ajili ya somo la kupiga kura, maana huku Gambia kura ni gololi inayotumbukizwa kwenye pipa lenye rangi ya chama na kugonga kengele iliyomo ndani, alipokewa kitaalamu kabisa.

"Kengele yangu? Iingie kwenye pipa la watoto wako wale?" Karamo alicheka mpaka chai yake ya ataya ikamwagika kutoka kwenye glasi. "Mwalimu, wafundishe kufunga vifungo vya shati. Mambo ya rais tuachie sisi wenye akili."

Wenye akili! Bintanding alilimeza jibu lake, maana mmoja wa "wale" alikuwa Tida, binti wa marehemu kaka yake Karamo, aliyelelewa humo humo nyumbani. Watu walimwita mzito wa kichwa. Umri wa kupiga kura alikuwa nao, kadi alikuwa nayo, na Jumamosi ingekuwa mara yake ya kwanza. Baba yake mdogo alishapanga kila kitu: angeingia naye kituoni "kumsaidia", mkono wake juu ya mkono wa binti, moja kwa moja mpaka pipa la kahawia. Msaada ulioje, kumpunguzia mtu hata kazi ya kutaka.

Darasani Mwalimu akaning'iniza kifuniko cha sufuria badala ya kengele ndani ya kila pipa, akatoboa tundu juu, akabandika picha. Pipa moja lilikuwa la wali wa benachin, jingine la mchuzi wa karanga, domoda. Wanafunzi wakapanga foleni, wakapewa gololi mojamoja, wakaingia nyuma ya pazia. Yankuba, ambaye hajawahi kutamka neno, alipiga kura kwa utulivu ambao bunge zima lingemwonea wivu.

"Sheria?" Mwalimu aliuliza.

"Gololi moja! Mlio mmoja! Pipa lako ni siri! Baiskeli ikae mbali!"

Naam, baiskeli. Nchi hii imevumilia mengi, mengine hayasemeki, lakini kengele ya baiskeli karibu na kituo cha kura haijaivumilia kamwe, kwa sababu atakayeisikia atadhani kuna mtu anapiga kura ya pili.

Tida alizijua sheria zote. Tatizo lake lilikuwa gololi yenyewe. Aliingia nyuma ya pazia, kukawa kimya, akatoka kafumba ngumi.

"Tida, mbona hujapiga?"

"Ni nzuri."

Sasa utambishia nini? Bintanding aliwajua waheshimiwa walioganda kwenye kiti miaka nenda miaka rudi kwa sababu hiyo hiyo, na hakuna aliyewapeleka elimu maalumu.

"Ikibaki mkononi ni nzuri, lakini haisemi kitu," alimwambia. "Ukiiachia ndiyo inasema."

"Inasema nini?"

"Unachotaka wewe."

Tida alimkodolea macho. Nyumbani hata kilemba chake alichaguliwa. Akaingia tena nyuma ya pazia, akatoka tena na ngumi yake.

Jumamosi Karamo alimpakia nyuma ya baiskeli.

"Baba mdogo, baiskeli hairuhusiwi."

"Nyamaza. Unajua nini wewe?"

Foleni ilikuwa ndefu, na watu hawakuharakisha kumpisha mwenyekiti. Basi mwenyekiti akabonyeza kengele. Ngling, ngling!

"Nani huyo kapiga mbili?" mawakala wa vyama wakapiga kelele. Polisi alikuwa ameshashika usukani.

"Mzee, umerogwa? Baiskeli kituoni?"

"Mimi ni mwenyekiti wa tawi!"

"Ndiyo aibu zaidi. Twende, ng'ambo ya barabara."

"Na huyu nani atamsaidia? Hana akili huyu, hajui lolote!"

"Nilimwambia baiskeli hairuhusiwi," alisema Tida, taratibu, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Msimamizi wa kituo, mama mmoja mnene wa sauti ya upole, akamuuliza kama anataka msaidizi.

"Sitaki."

Akapewa gololi, akaingia peke yake.

Bintanding, aliyekuwa kwenye foleni, alisahau hata kusogea. Aliogopa, tena sana. Akitoka na ile ngumi, Karamo atakuwa amepata ushahidi wa maisha yake yote, na huyu binti hataletwa hapa tena mpaka azeeke. Ndani kulikuwa kimya. Mtu mmoja akakohoa, akatazamwa kama mwizi. Kimya kikaendelea. Achia, mwanangu, Mwalimu aliomba, achia tu, hata kama ni kwa mwendawazimu gani.

Ngling.

Mara moja tu.

Tida alitoka akipepea kidole chenye wino. Kutoka ng'ambo ya barabara Karamo, ameikumbatia baiskeli yake, alipaza sauti: "Tida! Umeweka la kahawia, siyo? Sema! La kahawia?"

"Siri, baba mdogo!"

Watu wakacheka tena. Bintanding hakucheka. Alikuwa akilia mbele ya kadamnasi, na wala hakuona haya. Tida akamsogelea, akamfunulia viganja vyote viwili, vitupu.

"Mwalimu," alisema, "imesema."