Bakuli Lisilo na Kifuniko

Fundi Saa alikuwa mtu wa kufunika. Ukimpelekea saa yako, akishaifungua tu anaifunika kwa kioo, kile kifuniko kidogo cha duara chenye kishikio juu, hata kama anainuka kwenda kutafuta chenji. Vumbi halina adabu, alikuwa akisema, linaingia bila hodi. Kwake sukari ilifunikwa, maji yalifunikwa, redio ilishonewa kitambaa. Mkewe alipokuwa hai alimtania kwamba iko siku atamfunika na yeye. Ikawa kweli, ingawa si kwa kioo, na nyumba ikabaki na mzee na mkamwana wake. Mwanawe, mume wa huyo mkamwana, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Nyumbani alikuja kama mgeni.

Ikabaki pia kaktasi ya marehemu. Mama wa watu aliulea mmea ule wa miiba dirishani miaka na miaka asione ua. Mwaka aliofariki, ukatoa ua moja jekundu, ukafunga tunda, kisha wenyewe ukanyauka kuanzia shinani. Mzee akalipasua lile tunda, akazitoa mbegu, nyeusi na ndogo kama pilipili manga iliyosagwa, akazipanda kwenye vibakuli vya mchanga katika chumba chake cha kazi. Zilipochipua, vijidonge vya kijani vidogo kuliko kichwa cha kiberiti, mzee alilia waziwazi. Mkamwana akajifanya anatafuta ufagio.

Hivyo ndivyo vitu pekee vya marehemu vilivyokuwa bado na uhai. Nguo zake zilikwisha kugawiwa, na picha haikui. Kwa hiyo mzee akapiga marufuku: miche ile asiiguse mtu. Na kwa kuwa ni yeye, akakifunika kila kibakuli kwa kifuniko chake cha saa.

"Baba," mkamwana alimwambia, "mbona vioo vinatoka jasho? Naona kama miche haipumui."

"Kwani saa nazo zinapumua?" mzee akajibu, akacheka peke yake.

Wiki ileile mpini wa ufagio ukamponyoka mkamwana ukaangusha kifuniko kimoja, kikavunjika. Mzee alimsema kutwa nzima kwa kioo kile, kwamba vioo vya namna ile havipatikani tena madukani, kwamba kuna watu wameumbwa na mikono ya kubebea magogo. Kibakuli kilichobaki uchi kilikuwa na mche mmoja tu, tena kibogoyo, hauna hata mwiba; mbegu nyingine zote za humo zilikataa kuota. Mzee akakisukuma pembeni mwa dirisha na hakukijali tena.

Kisha uozo ukaingia. Mche wa kwanza uling'aa shinani kama uliopakwa mafuta, ukageuka kahawia, ukalala. Uliofuata ni jirani yake. Mzee aliung'oa kwa kibano, akasali, akafunika vizuri zaidi. Kulipokucha kibakuli kizima kilikuwa uji.

Mtu akiumwa sana hutafuta wa kumlaumu, na mzee hakwenda mbali. Alitoka na kibakuli mkononi hadi sebuleni, akamkuta mkamwana amekaa na mama yake mzazi, fundi cherehani wa mtaa wa pili, aliyekuja kumtembelea binti yake. Chai ilikuwa ndiyo kwanza imemiminwa. Mtu mwenye akili angesalimia, angerudi chumbani.

"Umeimwagia maji," mzee alisema.

"Sijaigusa, baba. Ulikataza."

"Ingekuwa hujaigusa ingeoza? Kioo ulivunja wewe, na hii umeiozesha wewe." Akamgeukia yule mama, na hapo ndipo shetani alipompa maneno. "Lakini simlaumu sana, mkwe. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

Methali ile huwaambii wakwe, labda iwe ya kusifu. Fundi cherehani alikiweka kikombe chini hajanywa hata funda moja. Alisema, "Tumeshiba, mkwe, asante," akajitanda mtandio wake, akaondoka. Mkamwana alibaki amekodolea macho vile vikombe viwili, akavikusanya, akavipeleka jikoni.

Tangu hapo alimpikia baba mkwe wake, akamsalimia, akamfulia. Ila chumba cha kazi hakukikanyaga tena. Vumbi likajaa, na mzee hakuwa na wa kumwambia.

Alikuja kulifuta mwenyewe, asubuhi moja, kwa kitambaa. Alipofika pembeni mwa dirisha akakiinua kile kibakuli kilichosahaulika ili apanguse chini yake, na mkono ukabaki hewani. Yule kibogoyo alikuwa amesimama. Si kusimama tu, alikuwa amenenepa, ameota miiba myeupe, na shina lake lilikuwa kavu na gumu. Mzee akavaa lenzi yake ya jicho, akamtazama upande huu na upande ule. Akageuka kutazama wale wengine chini ya vioo, maji yanatiririka ndani ya kila kifuniko kama dirisha la basi siku ya mvua.

Kibakuli pekee kilichopona ni kile alichovunjiwa kioo.

Alikaa kwenye kigoda. Nyani haoni kundule, lakini siku akionyeshwa hulionea haya kwelikweli. Aliona aibu hata mbele ya mche. "Kwani saa nazo zinapumua?" Sauti yake mwenyewe ilimrudia na kile kicheko chake, na akatamani angekuwa amecheka mtu mwingine. Maneno yote aliyomsema yule binti, magogo, maji, malezi, yalimpangia foleni mlangoni kama wadai.

Alifunua vioo vyote. Mingi ya miche ilikuwa imekwisha, ila michache ilikuwa imeoza chini tu, vichwa bado vibichi. Dawa yake aliijua, aliwahi kumwona marehemu akiifanya: unakata kichwa juu ya uozo, unakata tena mpaka usione hata doa la kahawia, unakibebesha juu ya kaktasi ngumu iliyokatwa kichwa, unakifunga kwa uzi vishikane. Kaktasi ngumu za kawaida zilikuwapo uani, zimejiotea zenyewe kwenye makopo. Ila miche isipokatwa leo, kesho uozo utakuwa umefika utosini. Akachukua wembe.

Mkono ulitetemeka. Ulikuwa ukitetemeka tangu mwaka jana, na ndiyo sababu saa ndogo za kike alikuwa akizirudisha, akidai hazina vipuri. Kichwa cha kwanza alikisaga badala ya kukikata.

Alikwenda jikoni akasimama mlangoni. Mkamwana alikuwa anachambua mchele.

"Mwanangu, mkono wako ni mwepesi," alisema. "Njoo unisaidie kidogo."

Mkamwana aliutikisa ungo. "Nikikata vibaya nitaambiwaje, baba? Na aliyenizaa ataambiwaje?"

Hakupandisha sauti, na hicho ndicho kilichomchoma. Mzee alivaa kofia, akatoka.

Alimkuta fundi cherehani kibarazani kwake, wateja wawili wamekaa kwenye benchi wakisubiri nguo. Mzee akazunguka mbuyu: joto la siku hizi, afya, bei ya uzi. Cherehani iliendelea kulia. Wateja walianza kutazamana.

"Mkwe," mzee alisema mwishowe. "Nilikutukana nyumbani kwangu, umekalia kiti changu. Miche mimi ndiye niliyeiozesha, kwa vioo vyangu. Binti yako aliniona nakosea, akaniambia, nikamcheka. Nisamehe."

Mguu wa fundi cherehani ukatulia. Aliukata uzi kwa meno.

"Mimi nimesikia," alisema. "Lakini yale maneno hukuniambia mimi peke yangu. Subirini, nakuja," akawaambia wateja, akachukua mtandio wake.

Walirudi wamefuatana. Fundi cherehani akakaa kwenye kiti kilekile, mkamwana akaitwa, na mzee akasema tena yote tangu mwanzo, safari hii amesimama katikati ya sebule yake mwenyewe, kofia mkononi. Aliposema neno "magogo" mkamwana aliinamisha uso, na mzee akajua kwamba lile pia alilishika moyoni. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kingekuwa kimeshapona.

Mkamwana hakusema amesamehe. Alifuta mikono kwenye kanga, akauliza, "Wembe uko wapi?"

Waliingia chumba cha kazi, akakata akiwa amebana pumzi. Kipande, anatazama kwa lenzi, bado kuna doa, kipande kingine, hadi nyama ikawa nyeupe tupu. Mama yake alimkatia uzi na kumshikia kopo. Mzee hakupewa kazi, akasimama nyuma yao kama mteja asiye na haraka. Vichwa vitatu vilipona. Mkamwana alivikalisha kila kimoja juu ya shina lake, akafunga uzi mara mbili, taratibu.

Kisha akavuta pumzi. "Baba, tuvifunike au tuviache wazi?"

Mzee alikuwa na jibu. Siku zote alikuwa nalo, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akalimeza.

"Wewe unaonaje?"

Fundi cherehani aliinua uso kumtazama. Mkamwana alifikiri.

"Tuvifunike kwanza, vidonda visikauke. Vikishikana, tufunue."

Mzee akainua kifuniko kwa mikono miwili, lakini kilitetemeka hivyohivyo, kikagonga ukingo wa kopo. Mkamwana akakipokea. Mzee akarudi nyuma, akatazama dirisha ambapo mkewe alikuwa akikaa na kaktasi yake miaka yote ile, na akakumbuka kwamba swali lile la "unaonaje" hakuwahi kumwuliza hata mara moja.