Neno Lililokosekana Jikoni kwa Mama

Jana usiku niliota nimesimama sebuleni kwa mama, kule Usangi, ndani ya mchezo ninaoutengeneza mwenyewe.

Mdogo wangu Senkondo haoni tangu alipougua macho, lakini kompyuta yake humsomea maandishi kwa sauti. Kwa hiyo namtengenezea mchezo wa maneno tu, usio na picha: anaandika "nenda kaskazini," mchezo unamwambia amefika wapi. Nyumba ni ile tuliyokulia. Mimi si fundi wa mambo haya. Ninaazima maktaba, yaani msimbo wa kompyuta ulioandikwa tayari na watu nisiowajua, wakauacha wazi kwa yeyote anayeuhitaji.

Basi, niko sebuleni. Najaribu kutembea. Miguu haisogei.

"Toa amri," kinasema kiti.

"Nenda kaskazini."

Miguu inakwenda mpaka mlango wa jikoni.

"Tafadhali, naomba unifungulie," nauambia mlango.

"Sielewi 'tafadhali'," unajibu. "Sielewi 'naomba'. 'Unifungulie' ndilo silielewi kabisa."

"Fungua mlango."

"Hapo tumeelewana."

Ndani yupo mama. Amefariki, lakini anageuza wali kama kawaida, amenipa mgongo. Sishtuki. Ni mimi niliyeandika: "Mama yupo hapa. Anapika wali." Sikuandika zaidi, kwa hiyo hawezi kufanya zaidi.

Alipofariki nilikuwa bado njiani kuja. Neno nililomletea nikabaki nalo.

"Mama, asante," nasema.

"Sielewi 'asante'," inasema sufuria.

"Asante sana, mama."

"Na 'sana' pia silielewi."

Mwiko unazunguka. Mama hageuki.

"Neno jipya linaombwa wapi?" nauliza.

"Maktaba," inasema sufuria, na papo hapo jikoni si jikoni tena. Ni ukumbi wa rafu ndefu. Hazina vitabu. Zimekaliwa na watu, miguu inaning'inia, wengine wanakunywa chai. Mlangoni amesimama nukta mkato, ile alama ambayo ukiisahau programu nzima inagoma. Amevaa koti la mvua.

"Shida yako?"

"Nataka neno 'asante', limfikie mama yangu."

"Hatuna," anasema. "Watu huazima wakaondoka. Hilo hakuna aliyewahi kuliomba."

Nawatazama wale wa kwenye rafu. "Kumbe ni nyinyi mlioandika haya yote? Mdogo wangu anatembea tena nyumbani kwetu kwa sababu yenu. Hamumjui, wala hamnijui. Asanteni."

Vikombe vyote vinatulia. Bibi mmoja anayefuma sweta anaacha sindano zake.

"Hebu rudia."

Narudia.

"Linaandikwaje?"

Namtajia herufi moja moja. Anazifuma kwa uzi mwekundu, anaukata kwa meno, ananipa. Neno lina joto.

"Sisi tumefungua njia tu," anasema. "Jibu ni la mama yako."

Niko jikoni tena.

"Asante, mama," nasema.

Mama anaweka mwiko. Anageuka. Uso wake ni uleule, na jasho la moto wa kuni kwenye paji.

"Haya, Namkunda. Nimesikia," anasema. "Ulichelewa, lakini umefika. Mwambie mdogo wako ukoko wake nimemfichia nyuma ya mtungi."

Nikaamka nikilia, na nilikuwa na furaha.

Asubuhi nilimkuta Senkondo mezani, spika za sikioni zimemning'inia shingoni.

"Dada, nimefika jikoni," alisema. "Nikaandika 'asante', kujaribu tu. Mama akanijibu."

"Amesemaje?"

"Ukoko upo nyuma ya mtungi. Dada, nani alikwambia? Hiyo ilikuwa siri yetu wawili, mimi na mama."

Nilifungua programu. Jikoni palikuwa na sentensi zangu mbili tu: mama yupo, anapika wali.

Nilivuta kiti, nikakaa karibu naye.

"Mwandikie tena," nikamwambia.