Goma Ilivyokufa kwa Adabu

Ugonjwa uliomaliza watu duniani ulikuwa na dawa moja tu, tena ya bure: usiguse mtu. Madaktari walilieleza jambo hilo redioni kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa Lingala, hata kwa wimbo. Homa ya paji, walisema, hukaa katika jasho la uso na hutoka ngozi hadi ngozi. Ukigusana na mwenye nayo, una siku tatu za kuaga.

Sasa nenda kamwambie mtu wa Goma asisalimie. Goma watu husalimiana kwa vichwa: upande wa kuume, upande wa kushoto, kisha paji kwa paji, ndipo mtu aulize habari za nyumbani. Walisikiliza redio vizuri, wakatikisa vichwa kwa masikitiko, halafu wakavigonganisha vichwa hivyo hivyo ili kupeana pole. Kwenye matanga ya marehemu wa kwanza walisalimiana watu mia mbili. Kwenye matanga ya hao mia mbili hakuna aliyeweza tena kuhesabu. Huko kwenye vizuizi vya barabara ya Sake, wanajeshi wa pande zote, ambao risasi za miaka thelathini hazikuwaweza, walimalizwa na wiki moja ya amani. Waliweka bunduki chini, wakasalimiana.

Na Goma isichekwe peke yake. Kila taifa lilikufa kwa adabu yake. Wazungu walikufa kwa mashavu, Waarabu kwa pua, na wanasiasa wa kila mahali kwa kupeana mikono mbele ya kamera. Iko miji ya mbali ambako mtu hamjui hata jirani wa mlango wa pili. Hao walidumu mwezi mmoja zaidi, kisha wakakumbatiana kwa furaha ya kuwa hai.

Katika mtaa mzima wa Majengo alibaki mtu mmoja, na alibaki kwa sababu hakuna aliyekuwa akimsalimia.

Mtu huyo ni Bashige, mzaliwa wa upande wa Bukavu, karani mstaafu wa ofisi ya vizazi na vifo. Miaka thelathini na sita aliandika waliozaliwa na waliokufa Goma, kwa wino mweusi na mwandiko wa kupendeza, na hakuna mtu aliyepata kuona mahali alipofuta. Kwake Serikali ilikuwa kitabu, na kitabu hakikosei.

Kununiwa kwake kulianza na volkeno. Lava ya mwaka 2002 ilipita juu ya kiwanja chake na cha jirani yake Rachid, dereva wa lori ambaye baba yake alitoka Maniema. Mawe ya mpaka yakazikwa chini kabisa. Lava ilipopoa, watu wakarudi kujenga juu yake, na Rachid akasimamisha ukuta. Bashige akapima kwa hatua zake, akatangaza kwamba ukuta umeingia kwake mita moja. Mita yenyewe ilikuwa jiwe tupu jeusi, haioti hata mboga ya lengalenga. Lakini mita ni mita.

Wazee wa mtaa wakakaa, wakala, wakanywa, wakaamua: mdogo amwendee mkubwa wake, amsalimie kwa kichwa, na mita igawanywe. Vitambulisho vikaletwa. Rachid, 1953. Bashige, 1954. Macho yote yakamgeukia Bashige.

Naye akatazama kofia yake magotini, kwa maana ile 1953 aliiandika mwenyewe. Mwaka 1974 Rachid alikuja dirishani kwake akiwa kijana wa miaka kumi na saba, masharubu ya kuhesabika, jogoo kwapani. Alitaka kibali cha kuendesha lori, na kibali kilitaka miaka ishirini na mmoja. Bashige, karani mpya wa miaka ishirini, akamwongezea miaka minne kwa mwandiko ule ule wa kupendeza. Jogoo alikuwa mtamu.

Kwa hiyo, akisema ukweli, karani Bashige alidanganya kitabu cha Serikali. Asiposema, yeye ni mdogo wa mtoto. Akachagua njia ya tatu: alisimama, akavaa kofia, akaondoka. Tangu siku hiyo hakumsalimia Rachid, wala yeyote aliyemsalimia Rachid. Na kwa kuwa Rachid alikuwa mcheshi, kila akirudi safari anagawia watu ndizi na nyama ya kukausha, hakukuwa na asiyemsalimia. Mwaka haukuisha, Bashige akawa anapita Majengo kama nguzo ya umeme inayotembea.

Mkewe Julie tu ndiye aliyevunja amri. Kila asubuhi alisalimiana na Fatouma, mke wa Rachid, juu ya ukuta ule ule, Bashige akijifanya kunyoa ndevu. Homa iliwachukua wanawake hao katika wiki moja. Julie alipohisi kichwa kizito alijifungia chumbani, akapiga komeo, akasema kupitia mlango, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "Papa Murhula, ukiingia humu, nitakushitaki mbinguni." Hakuingia. Alikaa nje ya mlango siku tatu, akimsomea kwa sauti gazeti la zamani, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kumwambia mtu anayekufa.

Kisha ikafuata miezi sita ya kimya. Redio za nchi zikanyamaza, za ng'ambo zikafuata. Chakula hakikuwa shida. Mji wa watu wengi ukiachiwa mtu mmoja, maharage hayaishi, na jibini la Masisi lilikuwa bado madukani, limeota manyoya lakini ni jibini. Shida ilikuwa paji lake la uso. Lilimwasha. Siku moja alijikuta kwenye mzunguko wa barabara ulio na ile sanamu ya dhahabu ya mtu wa chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anatafuta ngazi ili apande akasalimiane nayo. Alirudi nyumbani na aibu zake. Alijua anachotaka: mtu, yeyote, amguse kichwa na kumwita muzee kabla hajafa. Zamani angependa achague nani. Sasa hakuwa na haja ya kuchagua.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, akasikia lori.

Lilikuja likikohoa toka upande wa Ndosho, likasimama kwenye lango la jirani. Akashuka Rachid, amekonda, ndevu nyeupe zimefika kifuani. Bashige akakimbia ndani. Akaoga, akavaa koti la kazini na tai, akaenda kusimama karibu na ukuta huku akitazama mawingu, kama mtu asiyengoja kitu.

Rachid akachungulia kwa mbali, akapunga mkono. "Papa Murhula! Uko muzima?"

Bashige akasogea. Rachid akaingia ndani mbio, akafunga mlango.

Kesho yake akaweka ndizi juu ya ukuta, akakimbia. Kesho kutwa, kidumu cha mafuta, akakimbia. Bashige akala ndizi kwa hasira. Dunia imekwisha, wamebaki wawili, na bado huyu mtu anaringa!

Siku ya nne aliumeza ugumu wake, ukapita kooni kama mwiba wa samaki, akazunguka ukuta na kuingia lango ambalo hakuwa ameingia kwa miaka ishirini na mitatu. Rachid alikuwa chini ya lori. Kuona viatu, akatoka upande wa pili, akaparamia kiti cha dereva, akapandisha kioo.

"Unanikimbia miye?" Bashige akauliza. "Miye nina nini? Nina pembe?"

"Simama pale pale, Papa Murhula!"

"Nimekuja kukusalimia, mupumbavu weye! Mara ya kwanza na ya mwisho! Shuka!"

"Sishuki. Mi niko nayo."

"Uko na nini?"

"Homa. Ilinipata ng'ambo ya Walikale, lori likiwa kwenye matope. Nikaugua, nikapona. Muuguzi wa kule akaniambia, mutu akipona, homa inabaki kwenye ngozi yake mpaka siku ya kufa. Sikumuamini. Nikapakia watu watatu njiani, nikawasalimia." Akashika usukani kwa mikono miwili. "Wote watatu nimewazika. Tangu pale mpaka hapa sijaona mutu. Masisi hakuna, Sake hakuna. Mugunga mahema ya wakimbizi yanapeperuka yenyewe. Jana usiku nimevuka mpaka wa Gisenyi, Rwanda, bila karatasi hata moja, wala hakuna wa kunifukuza. Tumebaki weye na miye, basi."

Bashige akaegemea tairi. Kwa hiyo zile ndizi na zile mbio hazikuwa maringo. Lilikuwa jambo gumu kulikubali. Miaka yote alikuwa amezoea kumchukia vizuri.

"Papa Jumaine," akasema, na lilikuwa jina ambalo hakulitamka tangu lava. "Kuna jambo. Ile 1953 yako ni ya uongo. Niliiandika miye."

Kisha kioo kikashuka kidogo, kicheko kikatoka.

"Sasa unaniambia nini? Aliyezaliwa ni nani, si miye? Jogoo alikuwa wa nani? Najua mi ni mudogo wako tangu siku ile!"

"Ulijua! Na ulikaa kimya mbele ya wazee?"

"Na kibali changu? Ningesema, wangenipokonya lori! Nilingoja useme weye, mukubwa."

"Miaka ishirini na mitatu?"

"Ulikuwa na haraka?"

Bashige alitaka kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani kama kikohozi. Alipomaliza kufuta macho, akanyoosha tai.

"Bulongo, ni vizuri. Basi mutoto, shuka. Uje umusalimie mukubwa wako."

"Nitakuua, Papa Murhula."

"Niko na miaka sabini na moja. Juzi nilitafuta ngazi ili nisalimie sanamu. Uniache hivi mpaka lini? Mpaka nisalimie mbuzi?"

"Na miye nitabaki na nani?"

"Utabaki na mita."

"Umekubali ni yangu?"

"Sijakubali."

Mlango wa lori ulichukua muda kufunguka. Rachid alishuka akilia waziwazi, akijifuta kwa kitambaa cha mafuta, akainamisha kichwa kama mdogo anavyofanya. Upande wa kuume. Upande wa kushoto. Kisha paji kwa paji, na hapo Bashige akakawia, zaidi ya adabu inavyoruhusu. Paji la Rachid lilikuwa na moto, linanuka mazuti ya lori. Lile la Bashige likaacha kuwasha.

"Habari za nyumbani?" akauliza.

"Nyumbani hakuna mutu," Rachid akajibu, na wakacheka tena, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Siku mbili walikula jibini, wakasema vibaya juu ya wazee wote wa mtaa, mmoja mmoja. Siku ya tatu Bashige hakuweza kuinuka. Alilala kitandani kando ya dirisha, akasikia nje mtaimbo ukigonga lava: ti! ti! ti! Goma kaburi halichimbwi, linavunjwa.

"Papa Jumaine!" akaita kwa sauti iliyobaki. "Unachimba wapi?"

"Kwenye mita!"

"Nani amekupa ruhusa?"

"Si ulisema ni yako? Ingia basi!"

Bashige akafikiri. Mita moja kwa upana. Kwa maiti ilitosha. Ndipo akakumbuka hesabu nyingine.

"Na weye, nani atakuchimbia?"

Mtaimbo ukanyamaza. "Hakuna."

"Chimba pana basi. Siku yako ikifika, ingia tu."

"Mi nitaelekea Makka."

"Elekea unapotaka. Mpaka tu usivuke."

Mtaimbo ukaanza tena. Bashige akafumba macho akisikiliza, na sikio lake la karani likagundua kwamba mlio umesogea.

"Papa Jumaine! Unaingia kwangu! Sogea upande wako!"

"Nasogea," akajibu Rachid toka shimoni. "Nasogea, muzee."