Mtu wa Kofia Nyekundu

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Mbinya akasita mlangoni, birika la chai ya kuuza mkononi. Kwenye skrini, mtu mwenye kofia nyekundu alikuwa ndiyo kwanza ameporomoka kutoka juu ya mwamba.

"Irudishe, Mahad!" vijana wakapiga kelele. "Irudishe tena!"

Mahad, mwenye kibanda hicho cha video pale Makindu, akairudisha. Ilikuwa filamu ya miaka ya tisini, ya Wazungu wanaoruka magengeni kwa kamba na parachuti huku wakifyatuliana risasi. Haikuwahi kuvuma. Watu waliisahau mpaka dijei mmoja alipoitilia maneno yake ya Kiswahili.

Mara hii Mbinya alitazama. Mtu yule alipiga magoti ukingoni, akasugua kiganja cha kushoto kwenye jiwe, ndipo akashika kamba. Hivyo ndivyo mumewe, Ndolo, alivyokuwa akishuka kurina asali kule Kitui. Wapiga filamu walimchukua kwa sababu hiyo, awabebee kamba na kuwaonyesha njia. Wiki ya tatu wakamletea Mbinya jeneza lililopigiliwa misumari. Alilewa, walisema, akapanda peke yake jioni baada ya kazi. Pasta akakataa kumwombea mlevi. Mbinya, mimba ya miezi saba tumboni, aliamini. Na kila mwanawe Nzioka alipouliza, kwa miaka karibu thelathini, alimjibu neno moja: "Pombe."

Kwenye skrini jua lilikuwa la utosi, si la jioni. Kamera ilimfuata Ndolo hadi chini. Mdomo wake ulifunguka, ukasema kitu.

"Huyo ameenda kusalimia mawe!" dijei akapayuka juu yake.

"Mahad, mwanangu, toa sauti ya huyu dijei," Mbinya alisema. "Nataka kusikia yule anasema nini."

"Haitoki, Mama Nzioka. Ya dijei imefunika ya zamani yote. Kwani ni nini?"

"Ni mume wangu."

"Mama, hao ni waigizaji. Hawakufangi kikweli."

"Huyu alikufa. Nilimzika."

Kijana mmoja wa mbele akasema, "Kumbe mzee alikuwa steringi!" na kicheko kikalipuka upya.

Mbinya alitoa simu, akampigia Nzioka aliyekuwa dukani kwake Malili.

"Baba yako hakuwa amelewa," alisema.

"Mama, niko na wateja," Nzioka akajibu. "Hayo yaliisha." Akakata.

Mahad alikuwa ameirudisha picha bila kuambiwa, akaisimamisha Ndolo akiwa bado amepiga magoti ukingoni, kijana wa miaka ishirini na sita.

"Wekelea muvi, bwana!"

Mbinya aliweka birika chini, akapita kati ya mabenchi, akakifunika kile kiuso kidogo kwa kiganja chake. Kioo kilikuwa na joto. Nyuma yake wakaanza kupiga miluzi, na Mahad akabaki ameshika rimoti, hajui abonyeze au aache.